Kisanduku kiulize kazi, kisiulize modeli

Visanduku vingi vya mazungumzo, yaani vidirisha vya kujaza thamani, vinavyowekwa juu ya modeli za parametriki (michoro ya kompyuta inayojirekebisha kila vigezo vyake, kama urefu au upana, vinapobadilishwa) havina tofauti kubwa na jedwali la vigezo lenyewe. Mtengenezaji amechukua kila kigezo alichokitumia wakati wa kuchora, akakipa sehemu ya kujaza, akazipanga sehemu hizo kutoka juu hadi chini, kisha akaweka kitufe cha "Sawa" mwishoni. Kwenye skrini kinapendeza. Lakini anayekifungua bado analazimika kuijua modeli nje ndani ndipo ajaze kitu chenye maana, na kama anaijua kiasi hicho, angefungua jedwali la vigezo akamaliza kazi yake bila kisanduku.

Mimi naamini kisanduku kinatakiwa kuuliza yale ambayo mtumiaji anayajua kuhusu kazi iliyo mbele yake, na mengine yote modeli ijitafutie. Ni jambo linalosemwa kwa sentensi moja, ila kulitekeleza ndiko kunakochukua muda kuliko uandishi wote wa msimbo.

Chukua ngazi ya chuma inayounganisha sakafu mbili. Ndani ya modeli kuna kimo cha kidato, upana wa kukanyagia, idadi ya vidato, urefu wa mihimili ya pembeni na mwinamo wake. Mtu aliyekwenda kupima eneo hana hata kimoja kati ya hivyo. Anachorudi nacho ni namba mbili: sakafu ya juu iko milimita 2,900 juu ya ile ya chini, na kuna nafasi ya milimita 4,000 ya kulaza ngazi.

Sasa mpe kisanduku kinachouliza "Idadi ya vidato" na "Kimo cha kidato". Ataandika 17 na 175, kwa sababu namba zote mbili zinasikika za kawaida. Modeli itatii. Itajengeka bila alama yoyote nyekundu, mchoro utatoka safi, orodha ya vyuma itatoka safi. Ila 17 mara 175 ni 2,975, na ngazi hiyo itapita sakafu ya juu kwa milimita 75. Programu haikukosea popote. Iliulizwa swali baya, ikalijibu vizuri.

Kisanduku ninachokitaka kina sehemu mbili za kujaza: kimo kati ya sakafu, na nafasi iliyopo. Akishaandika 2,900 na 4,000, hesabu inafanyika papo hapo. Vidato 16 vinatoa kimo cha milimita 181.25 kila kimoja. Kwa kuwa hatua ya mwisho inatua kwenye sakafu yenyewe, sehemu za kukanyagia zinabaki 15, kila moja ikipata kama milimita 266.7. Vidato 17 vinatoa kimo cha 170.6 na upana wa 250. Hapo ndipo panapoingia kanuni ya zamani ya François Blondel, msanifu majengo Mfaransa wa karne ya 17, ambayo mpaka leo inatumika kwa sura hii: mara mbili ya kimo, jumlisha upana, jibu lianguke karibu na milimita 630. Chaguo la kwanza linatoa 629, la pili 591. Kisanduku kinayaonyesha yote mawili, kinalitia alama la kwanza, na kinamwachia mtumiaji aamue. Sheria za ujenzi za mahali pale zikiweka ukomo wa kimo au wa upana, ukomo huo nao unaingia humohumo, na chaguo linalouvunja haliorodheshwi kabisa.

Angalia kilichobadilika. Msimbo haukuongezeka sana. Ni kugawanya, kujumlisha na kulinganisha. Kilichoongezeka ni maarifa ya mtu anayezijua ngazi, na maarifa hayo sasa yanafanya kazi hata yeye akiwa hayupo ofisini. Kwangu hiyo ndiyo sababu halisi ya kujenga kisanduku. Kupunguza mibofyo ya kipanya ni faida ndogo pembeni yake.

Kwa nini basi tunaendelea kupata majedwali yaliyovishwa vitufe? Nadhani ni kwa sababu zana zimekuwa rahisi mno. AutoCAD, programu ya uchoraji wa kompyuta, ilipoleta DCL, lugha ya kueleza visanduku, katika Toleo la 12, mwaka 1992, mtu aliandika kisanduku chake kwa mkono ndani ya faili la maandishi, kitufe kwa kitufe, kisha akakiunganisha na AutoLISP, lugha ya msimbo ya AutoCAD. Kila sehemu ya kujaza ilikuwa na gharama yake, kwa hiyo ulijiuliza kama unaihitaji kweli. iLogic, zana ya kuandika kanuni na fomu iliyokuja ndani ya programu ya uchoraji ya Inventor 2011, inakuonyesha orodha ya vigezo upande mmoja na fomu tupu upande wa pili, unaburuta na kuachia. OpenSCAD, ambayo modeli zake huandikwa kwa msimbo, imekwenda mbali zaidi: tangu toleo la 2019, maoni mafupi kama // [10:100] mwishoni mwa mstari wa kigezo yanatosha kukigeuza kuwa kitelezi. Ninazipenda zana hizi na ninazitumia. Lakini kinachoburutwa kirahisi huburutwa bila kufikiriwa, na fomu inayozaliwa inafuata mpangilio wa modeli, wala haifuati mpangilio wa kazi.

Jambo la pili ambalo halipewi uzito unaostahili ni kukataa. Kisanduku kizuri kinajua kusema hapana mapema, kabla modeli haijaguswa. Ukiacha thamani isiyowezekana ipite, utakutana nayo baadaye ikiwa imevaa sura nyingine: tundu limetoka nje ya bamba, mviringo wa kona umeshindwa kujengeka, na ujumbe unaotokea unataja jina la umbo la ndani ambalo mtumiaji hajawahi kulisikia. Afadhali sehemu yenyewe ya kujaza igeuke nyekundu na pembeni yake yaandikwe maneno ya kawaida: "Kwa bamba la upana huu, tundu lisizidi milimita 42." Ujumbe huo una mambo matatu: kilichokataliwa, sababu yake na kinachokubalika. Neno "Kosa" peke yake halimsaidii mtu. Na pale ambapo chaguzi ni chache kwa asili yake, kama unene wa mabamba yanayouzwa au ukubwa wa bolti, usimpe mtu nafasi ya kuandika. Mpe orodha achague. Bolti ya M11, ukubwa usio wa kawaida, haitaandikwa kamwe ikiwa haimo kwenye orodha.

Vipimo navyo ni mtego. API (mlango ambao msimbo hupitia kuiendesha programu) ya SolidWorks, programu nyingine ya uchoraji, hupokea urefu kwa mita, hata kama faili lako limewekwa kwenye milimita. API ya Inventor hufanya kazi kwa sentimita kwa ndani. Pembe, kote kuwili, ni radiani, si digrii. Ile 2,900 ya ngazi yetu ikipelekwa moja kwa moja itasomwa kama kilomita 2.9 upande mmoja na mita 29 upande wa pili. Hilo utaliona mara moja, kwa hiyo si la hatari sana. La hatari ni alama ya desimali. Katika VBA, lugha ya msimbo inayotumika ndani ya programu hizi, amri ya Val inaitambua nukta tu; mtumiaji akiandika 170,6 kwa mkato, Val inarudisha 170 na kunyamaza. Sehemu sita za kumi za milimita zimepotea, na zikizidishwa kwa vidato 17 zinakuwa zaidi ya sentimita moja. Ndiyo maana nasisitiza kazi yote ya kubadilisha vipimo ikae mahali pamoja tu katika msimbo, na kipimo kiandikwe pembeni ya kila sehemu ya kujaza, hata pale unapodhani kila mtu anakijua.

Kuhusu modeli yenyewe nitasema kwa kifupi, ingawa bila hilo mengine yote hayana msingi. Kisanduku hakiponyi modeli dhaifu, kinaianika. Kama vigezo vyako bado vinaitwa d17 na d23, majina yaliyotolewa na programu yenyewe, vipe majina kabla hujafungua kihariri cha fomu. Kama maumbo yako yameshikizwa kwenye kingo na nyuso zinazokuja na kutoweka, yashikize kwenye bapa za msingi, zile za rejea zisizohama. Watumiaji wa FreeCAD, programu huria ya uchoraji, wanalijua vizuri tatizo hili, kwa sababu kabla ya toleo la 1.0 la Novemba 2024 uso uliweza kubadilika jina baada ya badiliko dogo, na kila kilichouegemea kikahama au kuvunjika. Toleo hilo limelipunguza sana, lakini tabia ya kuegemea bapa na vigezo vyenye majina bado ndiyo salama. Jaribu modeli kwa mkono kwenye thamani ndogo kabisa na kubwa kabisa. Ikivunjika huko, fomu haina cha kuokoa.

Wapo wanaosema visanduku vinaua ubunifu, kwamba mhandisi anageuzwa mjaza fomu. Hoja hii naiheshimu, na kwa bidhaa ambayo bado inatafutwa sura yake naikubali: usijenge kisanduku kwa kitu ambacho wewe mwenyewe hujakielewa. Lakini ngazi ya mia moja ya aina ileile haimhitaji mhandisi akae akihesabu upya vidato. Inamhitaji aliyeandika sheria zake vizuri mara moja, kisha akapata muda wa kushughulikia ile ngazi moja yenye kona ya ajabu ambayo kisanduku kimeikataa.

Na majibu yabaki ndani ya faili. Fomu ya VBA ikishaondolewa kwenye kumbukumbu husahau kila ilichoandikiwa, hivyo 2,900 na 4,000 ziwekwe kama vigezo vyenye majina ndani ya modeli, pamoja na chaguo lililofanywa, ili hata mchoro uweze kuzisoma. Kisanduku kinapofunguliwa tena, kwanza kisome modeli ilivyo sasa, halafu ndipo kijionyeshe. Kikianza na thamani zake za awali, mtu aliyekuja kubadilisha aina ya reli ya kushikia atabonyeza "Tengeneza", na ngazi nzima itarudi kwenye vipimo vya sampuli bila yeye kujua.