Laptopu Ikianguka, Usianze na Kioo

Mtu akiangusha laptopu, jambo la kwanza analofanya ni kuifunua, kutazama kioo, kubonyeza kitufe na kusubiri iwake. Ikiwaka, hushusha pumzi, husema alhamdulillahi na kuendelea na kazi yake. Hapa Lamu nimeliona hilo likifanywa na walimu, makarani, wanafunzi na wenye nyumba za wageni, na kila mara huona kwamba uchunguzi umeanzia mahali pasipohitaji uchunguzi. Kioo kikipasuka kila mtu atakiona. Vinavyostahili kutafutwa ni vile visivyoonekana, na kwa maoni yangu vina mpangilio wake: kwanza kile kinachoweza kuunguza nyumba, kisha kile ambacho hakinunuliki tena, na mwisho ndipo vifuate vile ambavyo fundi anaweza kuvibadilisha mradi pesa ipo.

Kabla ya hayo, anguko lenyewe linahitaji kupimwa vizuri, kwa sababu watu hulipima kwa kimo tu na kuisahau sakafu. Laptopu inayoanguka kutoka kimo cha mita 1 hufika chini kwa kasi ya takriban mita 4.4 kwa sekunde, na ukubwa wa dhara hutegemea umbali inaoutumia kusimama. Ikiangukia godoro ikasimama ndani ya sentimita 2, mshtuko wake ni kama mara 50 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Ikiangukia ngazi ya mawe ikasimama ndani ya milimita 2, mshtuko huo unafika mara 500. Nyumba za zamani za mji wetu, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zina ngazi zilizosimama wima na nyembamba kiasi kwamba mtu mwenye mzigo mkononi hupita kwa kujipanga, na hakuna zulia la kupunguza chochote. Gati nayo ina hatari yake: wakati wa bamvua, maji yakishatoka, boti ya kwenda Mokowe, gati la upande wa bara, hukaa chini sana, mizigo ikapokezanwa kutoka mkono hadi mkono, na mkoba wa laptopu hutupwa sawa na gunia la vitunguu.

Ndiyo maana sivutiwi sana na tangazo la laptopu iliyofaulu kipimo cha jeshi la Marekani cha MIL-STD-810. Jaribio la kuangusha katika toleo la 810G lina maangusho 26 kutoka kimo cha sentimita 122, jambo ambalo linasikika kubwa mpaka usome kwamba kifaa huangukia mbao za plaiwudi zenye unene wa inchi 2 zilizolazwa juu ya zege, na kwamba maangusho hayo yanaruhusiwa kugawanywa kati ya vifaa hadi 5. Mwenye laptopu anayo moja tu, na ngazi yake haina plaiwudi.

Kinachoweza kuunguza nyumba ni betri. Ndani ya betri ya lithiamu mna tabaka nyembamba za shaba na alumini zilizokunjwa pamoja kama mkeka, na kati ya upande chanya na upande hasi kuna utando mwembamba kuliko karatasi, ambao kazi yake ni kuzuia pande hizo zisigusane. Pigo la konani linaweza kuukunja au kuutoboa utando huo bila ganda la nje kuonyesha hata mchubuko, na madhara yakajitokeza baada ya saa kadhaa au siku kadhaa, mara nyingi wakati wa kuchaji. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba laptopu iliyoanguka isichajiwe usiku wa siku hiyo, wala isiachwe siku yoyote ile ikichaji kitandani, ndani ya chandarua, mwenyewe akiwa amelala. Ichomolewe, izimwe, iwekwe kwenye sakafu tupu mbali na mapazia na mikeka, kisha ichunguzwe kwa mkono na kwa pua. Ikilazwa juu ya meza iliyo sawa, je, inayumba pembe moja ilhali zamani haikuyumba? Je, ile sehemu ya kusogezea kishale kwa kidole imeinuka au imekuwa ngumu kubonyezeka? Je, vibonye vya katikati vimetuna kama vinasukumwa kutoka chini? Je, inatoa harufu ya kemikali iliyo tamu-tamu? Ikionekana dalili moja kati ya hizo, isiwashwe wala isichajiwe; ipelekwe kwa fundi betri itolewe, na asitokee mtu wa kuikandamiza ili irudi bapa au kuitoboa ili kutoa hewa, kwani hapo ndipo moto huanzia.

Wapo watakaosema kwamba Windows ina amri ya powercfg /batteryreport, inayotoa ripoti ya uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ni amri nzuri, na namba hizo mbili zikitofautiana ghafla baada ya anguko, hiyo ni habari ya kuzingatiwa. Lakini ripoti hiyo haiuoni utando uliojikunja. Vidole na pua hutangulia, namba hufuata.

Kisichonunuliki ni kazi iliyomo ndani: alama za wanafunzi, picha za harusi, hesabu za duka, rasimu ya tasnifu. Hapa lazima mtu ajue laptopu yake ina hifadhi ya aina gani. Zile za kisasa zina SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, na kwa anguko la kawaida haitishiki sana, ingawa kadi yake inaweza kulegea mahali ilipochomekwa. Lakini laptopu nyingi zinazouzwa huku ni za mitumba, na nyingi kati ya hizo bado zina diski ya kuzunguka, ambayo sahani zake huenda kasi ya mizunguko 5,400 kwa dakika huku kichwa cha kusomea kikielea juu yake kwa nafasi iliyo ndogo kuliko hata chembe ya vumbi. Karatasi za vipimo za diski nyingi za laptopu hutaja uwezo wa kuhimili mshtuko wa takriban mara 400 ya mvutano wa dunia diski ikiwa kazini, na takriban mara 1,000 ikiwa imezimwa, kwa sababu ikizimwa kichwa huondolewa juu ya sahani. Ukirudi kwenye ile hesabu ya ngazi ya mawe, utaona kwamba swali la kumuuliza aliyeangusha ni kama ilikuwa inafanya kazi au imelala wakati ule.

Nilikuwa kwa fundi mmoja pande za Langoni alipoletewa laptopu ya mwalimu iliyoponyoka kwenye gati ikiwa bado inawaka ndani ya mkoba. Ilikuwa imeendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa, na mwalimu aliileta kwa sababu tu imekuwa nzito kufungua mafaili. Fundi alizima feni ya ukutani, akainamisha sikio juu ya sehemu ya kuwekea kiganja upande wa kushoto, akanyamaza kidogo. "Mwalimu, hebu njoo usikilize mwenyewe," alisema. Mwalimu akainama naye. "Mbona inafanya kazi, mwanangu?" "Inafanya kazi, ila kila ikifika hapo inarudi kusoma upya." Ulisikika mlio mdogo wa tik, kimya, kisha tik tena, kwa mpangilio usiobadilika. Akafungua CrystalDiskInfo, programu ya bure, akamwonyesha mistari yenye alama 05, C5 na C6, ambayo huhesabu sehemu za diski zilizohamishwa kwa kuharibika, zinazosubiri kuthibitishwa, na zilizoshindikana kabisa. Katika diski isiyo na hitilafu namba hizo hutarajiwa kuwa sifuri. Za mwalimu hazikuwa sifuri, na alipozitazama tena baada ya kunakili mafaili machache zilikuwa zimepanda.

Nililolipenda kwa fundi yule ni kwamba hakukimbilia kutengeneza. Alinakili kwanza mafaili madogo yenye thamani, akaacha filamu na muziki mwisho, na alipoulizwa kwa nini asiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, alijibu kwamba diski mgonjwa hapewi kazi ya kubeba mizigo kabla mali haijatolewa ndani. Nakubaliana naye kabisa. Chkdsk hurekebisha mpangilio wa mafaili, haiponyi sahani iliyokwaruzwa, na kuiendesha kwenye diski inayokufa ni kuitumia nguvu zake za mwisho kwa jambo lisilo na faida. Mlio ukiwa mkubwa na mafaili hayafunguki, hata kunakili kusijaribiwe nyumbani. Izimwe na ibaki imezimwa, maana kila kuwasha huongeza mkwaruzo.

Baada ya betri na diski, yaliyosalia hayanitii wasiwasi mwingi. Bawaba ifunguliwe polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, kioo kikiwa na rangi nyeupe tupu: kikipepesa kwenye pembe fulani tu, waya unaopita ndani ya bawaba umebanwa au umelegea, na ukiunganisha laptopu na televisheni kwa HDMI picha ikatulia, basi ubao mkuu hauna lawama. Wi-Fi ikidhoofika ghafla, antena zake mara nyingi zimo ndani ya kifuniko cha kioo na vichwa vya waya zake ni vidogo sana, hubanduka kwa pigo dogo. Laptopu ikiganda ovyo, kadi ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda, huenda imechomoka nusu. Ikiwa ilianguka na chaja ikiwa imechomekwa, tundu la chaji ndilo lililopokea pigo lote. Feni ikikwaruza, itasikika.

Kuna jambo moja ambalo miongozo iliyoandikwa kwa watu wa bara hailigusi, nalo ni chumvi. Ganda likipasuka hata ufa wa unene wa ukucha karibu na bawaba, hewa ya baharini hupata njia ya kuingia. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya unyevu na kuyeyuka hewa inapopita takriban asilimia 75 ya unyevunyevu, na usiku wa pwani hukipita kiwango hicho mara nyingi. Chumvi iliyoyeyuka hupitisha umeme na kuila shaba, kidogo kidogo, mpaka vibonye vianze kujiandika vyenyewe au tundu la USB life. Mwenye laptopu hiyo hatakumbuka tena lile anguko. Atalaumu umeme au virusi. Ndiyo sababu naona ufa wa ganda, ambao wengi huuona kuwa ni doa la urembo tu, uzibwe au kipande kibadilishwe mapema, na hasa kwa wanaokaa usawa wa bahari, madirisha wazi mchana kutwa.

Nina neno pia kwa wauzaji wa mitumba. Laptopu iliyoanguka si haramu kuuzwa, lakini mnunuzi ana haki ya kuambiwa, na asipoambiwa aombe kuonyeshwa zile namba za diski kabla ya kutoa pesa. Baadhi ya diski huwa hata na mstari wa BF, unaohesabu mishtuko iliyoipata.

Kinachonisumbua zaidi ni ada ya uchunguzi. Watu wanaolipa bila kinyongo kubadilishiwa kioo huona wanaibiwa wakitozwa kwa kuangaliwa tu, wakisema hakuna kilichotengenezwa, na mafundi kwa kulijua hilo huangalia juu juu na kurudisha. Mimi ningelipa, kwa masharti yangu: kifuniko cha chini kifunguliwe mbele yangu, betri itolewe nje niione pande zote mbili, skrubu za bawaba zikazwe nikiwepo, na namba za diski zipigwe picha kwa simu ili zilinganishwe na za mwezi unaofuata. Fundi asiyetaka kuifungua mbele ya mwenyewe, nachukua laptopu yangu na kwenda kwa mwingine.