"Mwamuzi, Hiyo Ni Ngome!"

Kwenye mashindano ya sataranji (chesi), mimi na yule bwana tulikuwa tunagombea kutoshika mkia, na sidhani kama kuna fainali ya dunia iliyowahi kutoa jasho kama lile. Kete tulizipoteza kwa kupokezana: mimi namwachia farasi bure, yeye kwa ustaarabu wake ananilipa ngome.

Vurugu ilipotulia, alibaki na mfalme peke yake, kwenye nyumba ya h7. Wangu alikuwa f6, na askari wangu f7, hatua moja tu ageuke malkia. Ila saa yangu nayo ilibakiza sekunde za kuhesabu kwa vidole.

Nikamsukuma askari hadi f8, nikanyoosha mkono nichukue malkia. Hayupo! Pembeni ya ubao, chini ya meza, nyuma ya chupa ya maji, hola. Kumbe jamaa tangu amle malkia wangu alikuwa naye kiganjani, anamzungusha kama tasbihi. Kanuni zinaruhusu kusimamisha saa ukamwomba mwamuzi malkia, lakini kanuni utazikumbukaje sekunde zinayeyuka? Nikanyakua ngome, nikaipindua kichwa chini, nikaibandika f8. "Malkia!" Nikabonyeza saa.

"Mwamuzi! Hiyo ni ngome!"

Mwamuzi akaja bila haraka, akainama, akaichungulia. Akasema kwa kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ngome iliyopinduliwa ni ngome tu, hata ukiiita bibi harusi. Akaisimamisha vizuri. (Wakubwa nao yamewakuta: ubingwa wa Kanada wa mwaka 2017 uliharibikia hapo hapo, malkia akiwa mkononi mwa mpinzani.) Nikatamani kulia. Jamaa anachekelea mpaka magego yanaonekana.

Kisha akautazama ubao. Nami nikautazama.

Angekuwa malkia pale f8, mfalme wake asingekuwa na nyumba hata moja ya kukanyaga, na wala hashambuliwi. Hiyo ni sare, tunapeana mikono. Lakini ngome haili mshazari. Imemwachia h6, hiyo hiyo moja. Akienda huko, ngome inahamia h8, mfalme kanaswa, nimeshinda.

Magego yakaanza kurudi ndani moja moja. Akafungua kiganja, akamweka malkia wangu mezani kwa heshima zote.

"Mwamuzi," akasema, mpole kama si yeye, "mimi naona tumvumilie tu mwenzangu. Si alisema malkia?"

Mwamuzi alishaiwasha saa. "Zamu yako, kaka."