Mvua ya Elgon Ndiyo Mto wa Lodwar

Hapa Kitale, mwalimu akihamishiwa Lodwar, mji mkuu wa Turkana, watu humpa pole kama aliyefiwa. "Huko hakuna kitu," wanasema. Neno hilo huniudhi, na kila mwaka linaniudhi zaidi.

Niliposhuka Marich, njia ya milimani iendayo Lodwar, mara ya kwanza nilikuwa nimevaa sweta ya Kitale. Barabara inazungukazunguka, halafu milima inaachana na joto linakupiga usoni. Sisi tuko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Lodwar iko kama mita 500. Mvua yetu hupita milimita 1,000 kwa mwaka, yao huzunguka 200, na kuna miaka haifiki hapo. Turkana imelala kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu. Upepo wa kutoka Bahari ya Hindi ukipenya hapo hubanwa, hukimbia, na kupita na unyevu wake. Ndio huohuo unaozungusha mitambo 365 ya umeme kule Loiyangalani, ng'ambo ya Ziwa Turkana.

Lakini wanaosema hakuna kitu hawajaketi kando ya mto Turkwel wakati wa akamu, yaani kiangazi. Migunga mirefu imeshika kingo zote mbili, na si pori la kila mpita njia: kipande hiki ni ekwar, yaani miti ya mtoni yenye mwenyewe, ya familia hii, kile ni cha ile, na maganda ya mbegu yanayodondoka ndiyo chakula cha mbuzi nyasi zikiisha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 Turkana. Hao ndio "hakuna kitu"?

Na mto wenyewe unaanzia kwetu. Huku juu tunauita Suam, unatoka Mlima Elgon. Mvua inayolowesha mahindi yetu ndiyo inayonywesha migunga ile, ingawa tangu 1991 hupitia kwanza kwenye bwawa la umeme. Tukifyeka msitu huku, mbuzi wa huko watajua.

Siku za Mkoa wa Bonde la Ufa sote tuliongozwa kutoka Nakuru. Kaunti zilipokuja 2013 tuligawana mipaka, mto haukugawanyika. Ila vikao vya msitu nilivyowahi kuhudhuria, sikumwona mtu wa huko chini, wa Kainuk wala Lodwar, hata mmoja. Nataka wapewe viti, tena vya kupiga kura. Nauli yao tuichange sisi tunaokunywa kwanza.