Kingo za Royal Oak na gurudumu la fundi saa

Kwenye baraza za maduka yaliyo karibu na Soko Kuu la Iringa bado wapo mafundi saa wenye kisanduku cha kioo, lenzi ya kubana jichoni na kijigurudumu cha kung'arishia. Mteja akileta saa ya chuma iliyochakaa, fundi huuliza kabla ya kutaja bei: nirekebishe tu, au niisugue iwe kama mpya? Kwa saa nyingi swali hilo halina uzito, lakini ndilo linalowagawa wapenzi wa saa za zamani, na linakuwa gumu zaidi linapofika kwenye Royal Oak, saa ya michezo ya kampuni ya Audemars Piguet ya Uswisi.

Saa hiyo ilizinduliwa katika maonyesho ya Basel mwaka 1972, miaka michache baada ya Seiko ya Japani kuanza kuuza saa ya mkononi ya kwatzi, yaani inayoendeshwa kwa betri, mnamo Desemba 1969. Mchoraji wake, Gérald Genta, alisimulia kwamba aliichora kwa usiku mmoja, akiwaza kofia ya chuma ya mpiga mbizi na skrubu zinazoibana. Ilikuwa na upana wa milimita 39, kubwa kwa wakati ule hata ikabandikwa jina la Jumbo, lakini nyembamba mno, kwa sababu mtambo wake unaojijaza wenyewe kwa mwendo wa mkono una unene wa milimita 3.05 tu. Bei ya mwanzo ilikuwa takriban faranga 3,300 za Uswisi, juu ya saa nyingi za dhahabu, ilhali mwili wake ni chuma cha pua, jamii ileile ya chuma tunachokulia kama vijiko.

Kwa hiyo mnunuzi hakulipia madini. Alilipia kazi iliyofanywa juu ya madini. Fremu yenye pembe nane imeshikwa na skrubu nane za dhahabu nyeupe, na mifereji ya vichwa vyake yote imelala kwenye duara moja, jambo ambalo skrubu ya kawaida hailiwezi, kwani husimama popote inapokaza. Siri ni kwamba vichwa hivyo vina pembe sita na vimezama katika matundu ya umbo hilohilo, havizunguki hata kidogo, na kinachokazwa ni upande wa nyuma. Nyuso pana zimechorwa mistari myembamba, na kati ya uso na uso upo ukingo mwembamba uliong'arishwa kama kioo. Mkono ukigeuka, mwanga hukimbia juu ya kingo hizo kutoka kwenye fremu hadi kwenye cheni, ambayo inaonekana imeota kutoka kwenye mwili wa saa na kupungua upana pingili baada ya pingili. Uso wa ndani una vijiti badala ya tarakimu. Kwa sisi hilo si dogo: saa zenye namba hutufanya tuone 7 na kutamka saa moja, lakini vijiti vya Royal Oak havimlazimishi mtu hesabu ya mwingine.

Uzuri wote huo unakaa mahali pembamba kuliko uzi, na gurudumu la fundi hupita hapohapo. Nilijifunza hilo kwa hasara. Marehemu baba aliniachia saa ya chuma ya Kijapani, ya bei ya kawaida, yenye cheni iliyoungana na mwili. Nikampelekea fundi mmoja anisafishie kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, naye akaisugua kwa moyo wote. Ilirudi inameta, lakini pembe zilizokuwa zikinigusa kiganja nilipokuwa mtoto zilikuwa zimeviringika kama sabuni iliyotumika nusu.

Wanaopinga kung'arisha wanasimama hapo, na nawaelewa. Shoka za mawe za Isimila, mwendo mfupi kutoka mjini Iringa, zinatuambia mkono wa binadamu ulifanya nini kwa sababu makovu ya kuchongwa kwake bado yanaonekana. Mtu akizilainisha, yatabaki mawe.

Hata hivyo, shoka la Isimila halikati tena mnyama, ilhali saa bado inapaswa kufanya kazi mkononi. Iliitwa ya michezo, ikauzwa ili ivaliwe, na mwenye nayo ana haki ya kutaka ipendeze. Kwetu pia, kukisugua kitu cha mzee kikang'aa ni namna ya kumheshimu. Zaidi ya hayo, sehemu ya kelele za kuhifadhi inatoka mnadani. Mwaka 2017 saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa New York kwa dola milioni 17.75, na tangu bei zifike huko ni vigumu kutenganisha anayependa mkwaruzo kwa historia yake na anayeupenda kwa faida. Karakana zenye vifaa huweza hata kujazia chuma kwa leza na kuchonga ukingo upya; kwa saa iliyopondeka vibaya, sioni kosa katika hilo.

Lakini ukingo uliochongwa upya ni kazi ya mkono mwingine, na kwa saa ambayo thamani yake yote ni ile kazi ya kwanza, mimi naegemea kuiacha. Kuiacha si kuitelekeza. Mpira unaozuia maji ubadilishwe, mtambo usafishwe na kutiwa mafuta, cheni ioshwe kwa maji ya sabuni na mswaki laini hadi jasho la miaka litoke katikati ya pingili. Ndivyo ninavyomwambia sasa fundi wangu wa barazani, naye hufunika gurudumu kwa kitambaa kabla hajaipokea saa ya baba.