Nywele Zangu Zimo Ukutani

Tone la kwanza lilinidondokea katikati ya paji la uso, saa tisa za usiku. La pili likaingia sikioni. Nikamtikisa mke wangu kwa kishindo cha nahodha aliyeona mwamba.

"Amka! Boti inavuja!"

Hakufumbua hata jicho moja. "Onja," akasema.

"Nionje nini?"

"Hayo maji. Yakiwa na chumvi, niamshe tena."

Nikaonja. Chumvi hakuna. Yalikuwa na ladha ya vumbi na gundi kongwe, ladha ambayo baada ya miezi miwili ningeizoea kama dawa ya mswaki.

"Basi si bahari, ni wewe," akasema huku akivuta blanketi lote upande wake. "Unakoroma, pumzi inapanda juu, inakuta ukuta wa baridi, inageuka maji, inakurudia mwenyewe. Lala."

Niseme kwanza kwamba boti yetu ni ya tanga, ina urefu wa mita 9, imeundwa kwa faibaglasi, na ndiyo nyumba yetu ya mwaka mzima. Tunalala chumba cha omo, yaani cha mbele kabisa, chenye umbo la kipande cha keki: vichwa viwili upande mpana, miguu minne ikigombea ncha. Ukuta wenyewe ni mwembamba kama kidole. Upande huu nipo mimi na blanketi nililonyang'anywa, upande ule kuna baridi ya baharini. Na hesabu ya jambo hili haina huruma. Hewa ya chumbani ikiwa na joto la nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 60, kitu chochote kilichopoa hadi nyuzi 12 kitaanza kutoka jasho. Kuta zetu zilikuwa zimeshapita hapo tangu msimu wa baridi ulipopiga hodi. Tunapumua, tunaanika soksi, tunachemsha chai kwa gesi, na hiyo gesi ndiyo ndumilakuwili mkubwa: kilo moja ikiungua inazaa zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Siku niliyolijua hilo nililitazama jiko kama rafiki niliyemfumania akinisengenya.

Maji yote hayo huteleza ukutani, hupita nyuma ya godoro yakiotesha kuvu njia nzima, kisha hushuka mpaka ngamani, chini kabisa ya boti. Tezi na omo marejeo ni ngamani, walinena wahenga. Nadhani walikuwa na maana nzito zaidi, lakini kwetu ilikuwa taarifa ya kila asubuhi nikiwa na kopo mkononi, nachota.

Nikatangaza: nitabandua kuta zote za ndani, nitaweka kihami joto, nitarudishia reksini mpya. Wiki mbili. Mke wangu akaandika "wiki mbili" kwenye kalenda, akazungushia duara, akatabasamu tabasamu ambalo sikulipenda.

Kubandua reksini ya zamani hakukuhitaji nguvu hata kidogo. Ilikuwa na sponji nyembamba mgongoni, iliyogundishwa kiwandani zaidi ya miaka 40 iliyopita, na sponji hiyo ilikuwa imeshakufa zamani ila hakuna aliyeizika. Nilivuta kona moja tu, ukuta mzima ukanivulia nguo. Kilichobaki kwenye faibaglasi ni ungaunga wa rangi ya kutu, unaonata. Ukiugusa unakuwa vumbi, ukiupangusa unakuwa tope, ukiuacha unakufuata. Nilivaa barakoa na miwani, nikakwangua siku nne kwa chuma cha kukwangulia rangi, na bado niliukuta kwenye soksi, kwenye mswaki, na ndani ya yai la kuchemsha ambalo naapa lilikuwa halijamenywa. Siku ya pili mke wangu alinitazama toka utosini hadi miguuni akaniuliza kama dhahabu nimeipata au ndiyo kwanza nachimba.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, na nalieleza upesi kwa sababu linaniuma. Nilinunua vile vibao vyeupe vyepesi, jamii ya vinavyozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Rahisi, vyepesi, vinahami joto vizuri. Nikapaka gundi ya kopo, ile kali wanayotumia mafundi viatu, nikatoka kunawa. Niliporudi kibao kilikuwa kinajila chenyewe. Kilididimia katikati, kikatoboka, kikawa kinalia sauti ndogo kama soda iliyofunguliwa karibuni. Kemikali inayoilainisha gundi ya namna hiyo huyeyusha vibao hivyo kama jua linavyoyeyusha barafu. Nilibaki na kipande chenye umbo la mfupa.

"Panya gani huyu?" mke wangu akauliza.

Mzee wa boti ya jirani, ambaye hajawahi kukosa msiba wangu hata mmoja, akachungulia na kuongeza kwamba hata gundi ingekuwa ya upole bado nisingefaa kuvipitisha karibu na nyaya za umeme. Vikigusana kwa muda mrefu, kile kinachoipa plastiki ya waya ulaini wake huhamia kwenye kibao, na waya hubaki mkavu, ukipinda unapasuka. "Kwa hiyo, kijana wangu," akasema, "umshukuru panya."

Nina miaka 46. Mzee ananiita kijana kila ninapoharibu kitu, kwa hiyo nazidi kuwa kijana.

Safari ya pili nikanunua kinachotakiwa: sponji nyeusi ya milimita 10, ile ambayo vitundu vyake vimejifunga kila kimoja peke yake. Nilikata kipande nikakizamisha kwenye ndoo chini ya nyundo usiku kucha. Asubuhi nikakikamua, hakikutoa tone. Sponji ya godoro ingekunywa ndoo yote ikaomba nyingine. Basi nikaanza kutengeneza violezo vya karatasi ngumu, maana ndani ya boti hakuna ukuta ulionyooka. Hata ukiona umenyooka, umekudanganya. Vipande vya upande wa kulia vikatoka safi kabisa. Vya kushoto vikatoka safi kabisa vilevile, ila na vyenyewe vilikuwa vya kulia, kwa sababu nilisahau kupindua kiolezo. Tunaendelea.

Sasa gundi. Hiyo gundi ina tabia yake, na tabia yenyewe ni kisirani. Unapaka ukutani, unapaka kwenye sponji, kisha unakaa na kuitazama bila kufanya lolote, robo saa hivi, mpaka uiguse kwa mgongo wa kidole uone inang'ang'ania lakini haiachi alama. Hapo ndipo unagusanisha. Na ikishagusana imegusana: hakuna kusogeza kidogo, hakuna samahani nilikosea. Ndiyo maana wanaojua huweka karatasi ya kuokea keki katikati, isiyonata, wanalenga kwanza, halafu wanaivuta polepole huku wakikandamiza. Tena usiache mfuko wa hewa nyuma ya sponji, la sivyo jasho litajificha humo na kuvu ikaanzisha ukoo mahali usipouona.

Haya yote si mimi niliyeyasoma. Ni mke wangu. Mimi nilisoma neno "kali" kwenye kopo nikaridhika.

Kuta za pembeni tulizimaliza pamoja, yeye akivuta karatasi, mimi nikikandamiza. Kikabaki kipande kikubwa cha dari juu ya kitanda, cha zaidi ya mita moja. Asubuhi hiyo yeye alikuwa na mzigo wa nguo za kufua nchi kavu. Akiwa ngazini aligeuka akanielekeza kama unavyomwelekeza mtoto anayebaki nyumbani: jiko lizimwe, kidirisha cha juu kiachwe wazi mvuke wa gundi utoke, "na hicho cha darini usikiguse, ni cha watu wawili. Nisubiri."

Nilimsubiri, kwa kweli. Nilisubiri mpaka sauti ya viatu vyake ilipopotea.

Nikapaka dari. Nikapaka sponji. Nikangoja robo saa, nikajaribu kwa mgongo wa kidole, nikajisifu. Kwenye chumba cha omo huwezi kusimama, kwa hiyo nilipiga magoti juu ya ubao wa kitanda, uso nimeuinua juu, sponji nimeishika kwa mikono miwili kama sinia la watu wanane, karatasi ikiwa imelala juu yake. Nikainua. Upepo ukaingia kupitia kidirisha nilichokiacha wazi kwa utiifu, ukaichukua ile karatasi, ukatoka nayo. Niliiona ikiondoka, haikugeuka nyuma.

Ukingo wa mbele wa sponji ukagusa dari, sentimita nne nje ya mstari. Ukashika. Ukingo wa nyuma ukaanza kulegea na kunishukia. Mikono yote ilikuwa kazini, kwa hiyo nikafanya ambalo mtu yeyote mwenye mikono miwili na kichwa kimoja angefanya: nikatumia kichwa. Nikasukuma mbele na juu, na nywele zangu, ambazo nilikuwa nazilea tangu tuhamie baharini na ambazo kwa kweli zilikuwa zimefikia mahali pazuri, zikakutana na dari iliyopakwa gundi iliyoiva barabara.

Sikuhisi maumivu. Nilihisi kukaribishwa.

Nikajaribu kushusha kichwa. Ngozi ya paji ikapanda, nyusi zikapanda nayo. Nikaleta mkono wa kushoto kusaidia, sponji ikaukumbatia kuanzia kiwiko hadi kiganja. Nikapiga hesabu: nywele zimeshika dari, mkono umeshika sponji, sponji imeshika dari. Kisheria nadhani nilikuwa nimeshakuwa sehemu ya chombo, ningeuzwa nacho.

Simu ikaita kwenye rafu, hatua moja tu kutoka nilipo. Ikaita mpaka ikachoka.

Kiasi cha nusu saa baadaye kidirishani pakatokea uso wa mzee, umepinduka chini juu. Akanitazama. Akaitazama sponji. Akavuta harufu.

"Kijana wangu. Unafanya nini?"

"Shikamoo, mzee. Nahami ukuta."

"Marahaba. Mimi naona ukuta ndio unakuhami wewe." Akanyamaza kidogo. "Gundi ya kopo gani hiyo? Yangu haishiki namna hii."

Nikamtajia. Akaniomba nirudie, alikuwa anaandika. Kisha akanishauri nisivute, akakalia ukingo wa kidirisha, miguu ikining'inia karibu na sikio langu, akanisimulia kwa kirefu alivyobadilisha pampu yake ya choo. Sikuwa na pa kwenda.

Mke wangu alirudi na mfuko wa nguo safi begani. Alisimama mlangoni kwa muda ambao ungetosha kusoma maelezo ya kopo la gundi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Karatasi iko wapi?"

"Baharini."

Akautua mfuko. Akatoa simu, akapiga picha, akasogea, akapiga nyingine kwa upande, maana ya kwanza nilikuwa nimefumba macho. Ndipo akaanza kazi. Mkono aliubandua kwa mafuta ya kupikia, akisugua taratibu kwa kidole, sentimita kwa sentimita, mpaka gundi ikajikunja kama vijidudu. Kwa nywele alijaribu mafuta pia, akakata tamaa, akasema "Lete mkasi" kwa sauti ya daktari wa upasuaji. Mzee akampitishia mkasi wa kukatia turubai kupitia kidirishani, akashika na taa.

Nilipotoka nilikuwa na duara la kipara juu kidogo ya paji, upana wa mfuniko wa chupa ya chai. Na darini, vilevile, palikuwa na duara la nywele. Tulikaa watatu tukilitazama.

"Nikwangue?" nikauliza.

"Ya nini?" akasema mzee. "Nywele nazo zinahami joto."

Kipande kipya cha dari tulikibandika wawili, kwa karatasi, juu ya zile nywele. Kilichukua dakika nne. Wiki mbili za kalenda zilikuwa zimeshakuwa wiki tisa.

Lakini niwe mkweli: kazi ilikubali. Usiku wa kwanza wa baridi kali niliweka kiganja ukutani, kikakuta pakavu na vuguvugu. Nikapapasa nyuma ya godoro, pakavu. Nikamwamsha mke wangu nimweleze, akasema vizuri, akageuka. Nikalala chali, mikono kifuani, mwenye nyumba.

Ambalo sikulifikiria ni kwamba mvuke tunaoupumua ulikuwa bado uleule. Ulizunguka chumba kizima ukitafuta mahali pa baridi pa kutua, ukakuta kila ukuta umevaa koti, isipokuwa kitu kimoja: fremu ya alumini ya kile kidirisha, iliyo moja kwa moja juu ya mto wangu.

Saa tisa za usiku lilidondoka tone moja, kubwa, la baridi, likatua katikati ya kipara.

"Onja," ikasema sauti kutoka chini ya blanketi.