Anwani Moja Tu, Jamani

Mimi sikuomba makuu. Nilitaka seva yangu ya Linux iwe na anwani moja ya kudumu, ili nikiiita asubuhi kwa namba niliyoiitia jana usiku iitike, badala ya kuhamahama kama mpangaji anayekimbia kodi kila rauta inapozimwa na kuwashwa.

Zamani kadi ya mtandao iliitwa eth0, jina ambalo hata mtoto hulishika. Yangu inaitwa enp3s0, na eti hilo ndilo jina linalotabirika, kwa kuwa linaonyesha kadi imechomekwa wapi ndani ya mashine. Linatabirika kwa nani? Mimi nimeliandika kwenye karatasi.

Kisha kuna faili la Netplan, yaani faili la kupangia mtandao, ambalo Ubuntu, aina ya Linux ninayotumia, imelitegemea tangu toleo la 17.10, na ambamo nafasi tupu zina uzito kuliko maneno. Nilibonyeza Tab mara moja tu, nikakemewa kama mwizi, ikabidi nihesabu nafasi kwa ncha ya kalamu juu ya skrini: mbili, nne, sita, nane. Nikakemewa tena kwa kusahau alama ya mkwaju na 24 (/24) mwishoni mwa anwani, inayoonyesha ukubwa wa mtandao. Nikaandika gateway4, neno la kutajia rauta, nilivyozoea, nikaambiwa neno hilo limepitwa na wakati. Hata maneno siku hizi yanastaafishwa kabla yangu!

Nilipochoka kugombezwa, nikaandika netplan apply, amri ya kuanza kutumia mipangilio mipya papo hapo. Watu wenye busara huandika netplan try, ambayo husubiri sekunde 120 na kurudisha mipangilio ya awali usipothibitisha, lakini busara na saa sita za usiku haviketi pamoja. Skrini ikaganda. Nilikuwa nimeingia kwenye seva kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao, nikiwa chumba kingine, na badala ya 192.168 nilikuwa nimeandika 192.186, yaani nilikuwa nimeufunga mlango kwa ndani huku mimi mwenyewe nikiwa nje. Nikabeba skrini kwapani na kibodi shingoni, nikaenda kupiga magoti mbele ya seva kurekebisha tarakimu mbili.

Siku ya pili, nikiita 192.168.1.150, mara inaitika seva, mara inaitika printa. Kabla ya kuichagua anwani hiyo nilikuwa nimeipigia ping, yaani kuibishia hodi kwenye mtandao, hakuna aliyejibu, nikadhani haina mwenyewe. Kumbe printa ilikuwa imezimwa tu, na rauta yangu hugawa anwani yenyewe, kwa utaratibu uitwao DHCP, zenye namba ya mwisho kuanzia 100 hadi 200. Nimeihamishia seva kwenye 250, nje ya mgao huo, na sasa imetulia.

Tatizo ni kwamba printa, baada ya ugomvi ule, imepewa na rauta anwani nyingine, na kompyuta zote bado zinaitafuta kwenye 150. Kwa hiyo leo jioni nitaitafutia printa anwani ya kudumu.