Maji ya chumvi kwa miguu iliyovimba: kinachosaidia ni kipi?

Watu wanaoloweka miguu kwenye maji ya moto na chumvi wanasema inawasaidia, na wahudumu wa afya wengi wanasema haitibu kitu. Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba miguu iliyovimba na viungo vinavyouma vimetiwa beseni moja, wakati joto lilelile linalolegeza kiungo ndilo linaloweza kuongeza uvimbe.

Kwenye maumivu, wanaoloweka wana haki kubwa. Kifundo cha mguu au vidole vinavyoamka vimekakamaa hulegea kwenye joto, kwa sababu misuli iliyovizunguka inaacha kujikaza. Maji ya nyuzi 38 hadi 40 yanatosha, kwa dakika 15 hadi 20. Usipokuwa na kipimajoto, lita 1 ya maji yaliyochemka kwa lita 4 za maji ya bomba yenye nyuzi 25 hivi hukupa karibu nyuzi 40. Tanguliza ya baridi, mimina ya moto, koroga, kisha pima kwa kiwiko. Wengi huungua pale maji yanapoanza kupoa na mtu akaongeza ya moto huku miguu ikiwa bado ndani. Toa miguu kwanza. Goti halifikiwi na ndoo, kwa hiyo lifunge taulo lililochovywa kwenye maji hayohayo na kukamuliwa. Jongo (gauti) likiwaka, kidole gumba kikawa chekundu na hakigusiki, joto halifai hata kidogo. Hapo weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15.

Uvimbe ni jambo lingine. Bonyeza muundi kwa kidole gumba kwa sekunde 10, kisha achia. Kikibaki kishimo, ni maji yaliyovuja kutoka kwenye mishipa yakakaa chini ya ngozi. Maji ya moto huipanua mishipa hiyo, na yanayovuja yanaweza kuzidi. Mbona basi mtu anahisi mguu umekuwa mwepesi? Kwa sehemu ni kile kina cha maji. Maji yana uzito, na kila sentimita 10 za kina hubana mguu kwa shinikizo la milimita 7 hivi za zebaki, kipimo kilekile cha presha. Kwenye ndoo iliyojaa sentimita 30, unyayo unabanwa kwa milimita 22 hivi, kiasi cha soksi za kubana. Beseni la kufulia lenye maji ya kufunika vidole halina nguvu hiyo. Kwa mguu uliovimba, basi, chukua ndoo, maji ya bomba yasiyotiwa moto, yafike katikati ya shavu la mguu, na uchezeshe kifundo juu na chini. Ukitoka, lala na kuinua miguu juu ya mito, ipite usawa wa moyo, kwa nusu saa. Ukiketi tena miguu ikining'inia, maji yanarudi palepale.

Chumvi ndiyo inayosifiwa zaidi na ndiyo inayofanya kazi ndogo zaidi. Ngozi isiyo na jeraha haipitishi chumvi kuvuta maji ya ndani. Chumvi ya Epsom, yaani salfeti ya magnesiamu, inauzwa kama inayoingia mwilini kupitia miguu, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Ukipenda kuitia ile ya kupikia, vijiko 5 vya mezani kwa lita 10 vinatosha. Inayozidi hapo hukausha ngozi, ngozi hupasuka, na bakteria huingilia kwenye nyufa. Pilipili na tangawizi kali huunguza tu.

Kwa wenye matende, ugonjwa unaojulikana sana pwani yetu, ufa mmoja kati ya vidole unaweza kuleta homa na mguu kuwaka kwa siku kadhaa. Wao wanahitaji kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi yasiyo ya moto, kukausha taratibu hadi katikati ya vidole, kuuinua na kuuchezesha. Mwenye ganzi ya ukoma ndiye anayefaidika hasa na kuloweka: maji baridi matupu, dakika 20 hadi 30, kisha mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Mwenye kisukari asiloweke kabisa, kwani miguu yenye ganzi huungua bila yeye kujua.

Hoja ya wahudumu wa afya kwamba beseni humchelewesha mgonjwa ni nzito, nami naikubali. Wanaomeza amlodipini kwa ajili ya presha huvimba vifundo kwa sababu ya dawa yenyewe. Hakuna ndoo itakayowasaidia, ila wasiache dawa kabla ya kuonana na daktari. Mguu mmoja ukivimba ghafla na shavu likauma, usiukande: huenda damu imeganda, na bonge linaweza kwenda kwenye mapafu. Uvimbe wenye kuhema, au wa mjamzito mwenye kichwa kuuma na macho kuona ukungu, ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Kwa uvimbe usio na dalili hizo, pima kifundo kwa futi ya fundi cherehani kila asubuhi kabla hujasimama, mahali palepale, uandike. Wiki ikiisha bila kupungua, acha ndoo na uende na karatasi hiyo kituo cha afya.